Zoezi la Mafuriko Lilifana Sana

Kibwana alitoka nyumbani Jumatano asubuhi amevaa kizibao cha rangi ya chungwa kilichoandikwa MHANGA mgongoni, na mpaka leo hajarudi.

Ilikuwa siku ya Zoezi la Kitaifa la Utayari, na mume wangu alikuwa amechaguliwa kuwa mmoja wa watu watakaookolewa. Si kila mtu alichaguliwa. Wengi walijitokeza, maana kulikuwa na soda na kofia, lakini kamati ilitaka watu wenye sauti. Kibwana alikuwa fundi baiskeli, na mtu anayekaa barabarani siku nzima akiita wateja hupata sauti ya kuvuka mto. Walipomjaribu ofisini alipiga yowe moja tu, karani akadondosha kikombe, wakamkubali.

"Mama Tausi," aliniambia akijitazama kwenye kioo, "nikishaokolewa mbele ya Waziri, usitegemee nitaziba pancha tena."

"Waziri ana kazi nyingi. Akuokoe wewe na miguu hiyo ya kuku?"

"Miguu hii hii ndiyo iliyokufuata mpaka kwenu."

Akacheka. Mlangoni aligeuka kunionyesha mgongo, akauliza kama maandishi yamenyooka. Nikamwambia yanasomeka vizuri.

*

Kwa wasioijua nchi yetu, niseme kwamba ni nchi iliyo tayari. Ina Wizara ya Utayari, ina Wimbo wa Utayari ambao watoto huuimba shuleni kabla ya kunywa uji, na kila wilaya ina Mkuu wa Utayari mwenye gari jeupe. Zamani haikuwa hivyo. Zamani mto ulipofurika tulipanda juu ya mapaa tukaitana, na wenye mitumbwi wakaja kutuchukua. Serikali iliposikia habari hizo ilisikitika. Ilisema huko ni kuokoana kiholela, na kwamba mtu aliyeokolewa bila utaratibu hawezi kuhesabiwa kuwa ameokoka. Mitumbwi yote ikakusanywa uwanjani, ikachomwa moto kwa ajili ya usalama wetu, na sisi tukaahidiwa boti.

Mji wetu, Mkondoni, ni mdogo. Una soko, msikiti, kanisa, shule, na barabara moja inayoshuka mpaka mtoni na kuishia hapo. Wataalamu walikuja kuupima wakagundua kwamba uko chini. Tulikuwa tunajua, lakini ni vizuri kuambiwa na mtu aliyesoma.

Kisha yakaja mafunzo. Mkuu wetu wa Utayari, Bwana Zabroni Kalumbete, mtu mnene mwenye sauti laini, alitukusanya katika chumba cha darasa la tatu. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu.

"Ndugu wananchi," alisema, "maji yakija, jambo la kwanza ni kutohofu. La pili ni kusubiri maelekezo. La tatu ni kuendelea kusubiri. Anayezama ni yule asiyesubiri."

Kibwana akanyoosha mkono. Alikuwa na tabia hiyo.

"Mheshimiwa, samahani. Hayo maelekezo yakichelewa?"

"Hayachelewi."

"Na maji yakiwahi?"

Darasa likacheka. Bwana Kalumbete naye akacheka, ili tuone kwamba anapenda watu.

"Ndugu yangu, maji hayawezi kuwahi. Tuna ratiba." Akatazama upande mwingine. "Swali jingine, lisilokatisha tamaa."

Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mama Sihaba, alimvuta Kibwana shati. "Kaa chini wewe, utatukosesha chai." Kibwana akakaa. Chai ilikuja kweli, na maandazi. Yalikuwa maandazi mazuri, siwezi kuwasingizia.

*

Baada ya mafunzo vililetwa vifaa. King'ora kikawekwa juu ya nguzo ndefu, boti ya mashine ikaletwa juu ya lori, na karibu na shule likajengwa ghorofa la kukimbilia. Vyote vilikuwa vipya, na vyote vikafunikwa na kufungwa utepe mwekundu, kwa sababu vilikuwa bado havijazinduliwa.

Hapa mtu wa kuja anaweza kushangaa. Kwetu kitu hakitumiki mpaka mgeni rasmi akikatie utepe. Si sheria tu, ni adabu. Daraja la mtaa wa juu lilikaa na utepe wake misimu mizima, nasi tukapita chini yake ndani ya maji, viatu mkononi, tukilisifu lilivyo imara. Wodi ya wazazi ilifungwa na vitanda vyake vikiwa bado na nailoni. Wanawake wakajifungulia barazani, na mtoto wa kwanza kuzaliwa hapo aliitwa Uzinduzi. Hata wezi wetu wanaheshimu utepe. Aliyewahi kuukata ni ng'ombe mmoja tu, aliyevuka daraja lile asubuhi kwa haraka zake. Alikamatwa akashtakiwa, na mwenye ng'ombe akasimama mahakamani kumwombea radhi.

Basi ikapangwa kwamba Waziri wa Utayari aje kuzindua kila kitu kwa mkupuo, siku ya Zoezi. Wahanga wangekaa kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto. Waziri angebonyeza kitufe, king'ora kingelia, angekata utepe wa boti, boti ingekwenda kisiwani na kuwaleta wahanga wakilia, na Waziri angewapa mkono mmoja mmoja mbele ya wapiga picha.

Mwendesha boti alikuwa Chande, jirani yetu. Chande na Kibwana walikuwa watani, utani wa kurithi kutoka kwa babu zao, ambao ndani yake hakuna tusi linalokatazwa. Siku alipopewa kizibao chake, kilichoandikwa MWOKOAJI, alikuja nacho moja kwa moja mpaka kibandani kwa Kibwana, mbele ya nyumba yetu.

"Umeona? Wewe mhanga, mimi mwokoaji. Serikali inajua watu wake."

"Serikali haijakuona ukiogelea."

"Nitakuacha palepale mchangani uliwe na mamba, halafu nimwoe Mama Tausi."

"Mwoe. Ukishaonja ugali wake utanifuata kwa huyo mamba mwenyewe."

Nikawarushia wote wawili maganda ya ndizi.

*

Jumatano hiyo nilikuwa kwenye kamati ya chakula. Tulipika pilau ya msafara wa Waziri nyuma ya maturubai, jirani na maji. Wahanga walivuka kwa miguu mpaka kisiwani, maji yakiwafika magotini, wakakaa mchangani kunywa soda zao. Waziri alitarajiwa saa nne.

Saa nne ikapita. Kule juu milimani mbingu ilikuwa nyeusi tangu alfajiri, lakini kwetu jua lilikuwa linawaka na hakuna aliyejali. Maji yakabadilika rangi, yakawa kama chai ya maziwa. Yakaleta majani, kisha matawi, kisha ukapita mlango wa nyumba ya mtu, na juu yake kuku amesimama.

Bwana Kalumbete alimfuata kuku yule kwa macho. "Yale ni mapambo ya nani?" aliuliza.

Kisiwa kikaanza kupungua. Wahanga wakasimama, wakasogeleana, wakaanza kupiga kelele. Bwana Kalumbete akakunja uso, akachukua kipaza sauti.

"Wahanga! Wahanga, nawaomba! Mgeni rasmi hajafika! Hifadhini sauti zenu!"

Wakazidi. Watu waliokaa chini ya maturubai wakapiga makofi. Mwanamke aliyekuwa akikatakata vitunguu kando yangu alisema, "Wale wamefundishwa, jamani," akafuta machozi. Kikundi cha mapokezi kikaamriwa kupiga ngoma, ili kilio kisichoke kabla ya wakati.

Kibwana alikuwa kwenye ncha ya mchanga. Sauti yake ilitufikia juu ya ngoma.

"Mama Tausi! Usiunguze pilau!"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, nikampungia mwiko.

Kisha akaniita tena.

"Mwantumu!"

Tangu tuoane Kibwana hakuwahi kunitaja jina langu mbele za watu. Kwetu mume hafanyi hivyo, ni aibu. Niliuangusha mwiko nikakimbia.

Chande alikuwa ameshaketi ndani ya boti, kama alivyoelekezwa, mikono juu ya magoti. Utepe ulikuwa umeizunguka boti yote na kufungwa kama ua kwa mbele. Mkasi ulikuwa mezani kwa Waziri, kwenye sinia lenye kitambaa cheupe, na askari amesimama kuulinda.

"Chande, nenda!"

"Shemeji, utepe huu..."

"Ameniita Mwantumu!"

Chande alinitazama. Alielewa. Aliinama akaung'ata utepe kwa meno, akaukata. Nyuma yetu nilisikia umati mzima ukivuta pumzi, kama vile mtu amevua nguo hadharani.

Akavuta kamba ya mashine. Akavuta tena. Mashine haikuguna.

"Petroli!" akapiga kelele. "Petroli iko wapi?"

Bwana Kalumbete alikuwa amefika, anahema. "Petroli inakuja na msafara," alisema. "Ni petroli ya uzinduzi. Nani amekata utepe?"

Chande aling'oa mti wa turubai, akaiingiza boti majini na kuisukuma mbele kwa mti ule kama mtu apigaye pondo. Mto ulimzungusha mara moja, ukampeleka chini, mbali na kisiwa, ukamtupa kwenye matete. Jioni alikutwa huko, ameshika mzizi, hai.

Nilipogeuka kutazama kisiwa hakikuwapo. Palikuwa na vizibao vya rangi ya chungwa juu ya maji, vinakwenda. Ni rangi nzuri ile, inaonekana mbali sana. Niliviona kwa muda mrefu. Ngoma ziliendelea kidogo, kwa kuwa wapigaji walikuwa wameupa mto kisogo.

*

Waziri alifika saa nane. Wakati huo maturubai na soko na nyumba za chini zilikuwa ndani ya maji, nasi tumejaa juu barabarani na masufuria yetu. Alishuka kwenye gari, akatazama mji, akatikisa kichwa.

"Nimezunguka nchi hii yote," alisema, "sijaona zoezi lililoandaliwa kwa kiwango hiki. Maji ya kweli! Na nimeambiwa kilio kilisikika mpaka barabara kuu. Wananchi wa Mkondoni, mmethibitisha kwamba siku mafuriko yatakapokuja, yatawakuta tayari."

Akapelekwa kwenye nguzo, akabonyeza kitufe. King'ora kililia vizuri, hakikuwa na kasoro yoyote. Kisha akauliza wahanga wako wapi awape mkono.

"Wamekwenda kubadilisha nguo, Mheshimiwa," alisema Bwana Kalumbete.

*

Tuliwatafuta. Wengine walipatikana kwenye mashamba ya mpunga ya bondeni, mmoja baada ya mwingine, wakazikwa na ndugu zao kimya kimya, na ofisi ikasema wamehamia wilaya nyingine. Kibwana hakupatikana.

Imamu wetu ni mtu mwema. Aliniambia kwamba pasipo maiti lazima pawe na mwenye mamlaka wa kutamka kuwa mtu huyu amekufa. Akishatamka, Kibwana atasaliwa, nami nitakaa eda kama mke aliyefiwa. Sikwenda Ofisi ya Utayari kudai kitu kingine. Nilitaka waniambie neno hilo moja tu.

Bwana Kalumbete alinipokea vizuri, akaniagizia soda.

"Mama Tausi, zoezi letu limefaulu kwa asilimia mia. Unaelewa maana yake?"

"Naelewa, Mheshimiwa."

"Zoezi lililofaulu halina marehemu. Akiwepo hata mmoja, itakuwa asilimia ngapi?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui, ndiyo maana hatuwezi kuanza." Akasogeza kiti karibu. "Tena ngoja nikuulize. Kizibao amerudisha?"

"Alikivaa, Mheshimiwa. Kimekwenda naye."

"Basi anakitumia." Uso wake ukafunguka. "Anayetumia kifaa cha Serikali yuko kazini. Yuko kazini, mama! Mshukuru Mungu. Ni wanawake wangapi mji huu waume zao hawana kazi?"

Nikamaliza soda, nikaaga. Nilirudi siku nyingine, na nyingine tena. Alinipokea vizuri kila mara.

Mwishowe niliamua kuweka matanga bila neno lao. Mama Sihaba alikuja kunionya.

"Mama Tausi, mimi ni mjumbe, lazima nikwambie. Matanga ya mtu ambaye yupo ni mkusanyiko usio na kibali."

"Nimesikia. Njoo na mkeka."

Akaja na mkeka, na mchele kidogo ndani ya kanga.

*

Watu walijaa uani mpaka barabarani. Binti yangu Tausi alikuja kutoka kwa mumewe. Imamu alisoma bila kumtaja mtu, kwa sababu neno la wenye mamlaka lilikuwa bado halijatoka, lakini alisoma kwa sauti ya kumtosha Kibwana.

Kwetu anayevunja kilio ni mtani. Huvaa nguo za marehemu na kumwigiza, maneno yake na mwendo wake, ili wafiwa wamwone mara moja ya mwisho na wacheke. Chande hakutaka. Tangu siku ya boti alikuwa mtu wa maneno machache. Nilimwomba mwenyewe, nikampa kofia ya Kibwana na koti lake la kazi lenye grisi ya cheni.

Alikaa kibandani, akachukua gurudumu akalizungusha, akafumba jicho moja kutazama kama limepinda. Hivyo ndivyo Kibwana alivyokuwa akifanya.

"Baiskeli hii ulikuwa unaipanda au unaipiga?" alisema, kwa sauti ileile. "Mama Tausi! Lete chai! Huyu mteja ana sura ya kuondoka bila kuaga!"

Watu wakaangua kicheko. Tausi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka, halafu kicheko kikageuka, wanawake wakanishika. Nililia kama mtu aliyefiwa. Nilikuwa sijapata kulia hivyo.

Hapo gari jeupe likasimama.

Bwana Kalumbete alikuja kutawanya mkusanyiko, na alikuwa amekuja na mpiga picha wa wizara. Alifungua mdomo kutuamuru, akamwona Chande, akaona kofia, koti, gurudumu. Akaufunga mdomo. Kisha akatabasamu.

"Si huyu hapa!"

Hakuna aliyemwelewa.

"Kibwana, bwana! Watu wanahangaika, kumbe uko kibandani unapiga kazi!"

"Mheshimiwa, mimi ni Chande," alisema Chande.

"Na utani wake bado anao." Akamgeukia mpiga picha. "Piga. Gurudumu lionekane."

"Mimi ni Chande, Mheshimiwa. Mwendesha boti. Mimi ndiye niliyekata ule utepe."

Bwana Kalumbete akamsogelea, akainama kana kwamba anatazama baiskeli. Alishusha sauti, lakini nilikuwa karibu.

"Aliyekata utepe wa Serikali anatafutwa na polisi," alisema taratibu. "Haya, niambie tena. Wewe ni nani?"

Chande ana watoto wadogo, na mkewe alikuwa amesimama palepale na sufuria la wali. Alinitazama mimi. Nikatazama chini, nisimfunge.

"Kibwana," alisema.

"Sema kwa sauti, wananchi wasikie."

"Mimi Kibwana. Nipo."

Mpiga picha akapiga. Imamu alinyanyuka polepole, akafunga kitabu chake, akaniambia kwa huzuni kwamba hawezi kumsalia mtu aliyesema yupo mbele ya watu wote hawa. Bwana Kalumbete akatangaza kwamba matanga sasa ni hafla ya shukrani. Alituhutubia akiwa amesimama juu ya kiti changu. Alisema Mkondoni umeonyesha dunia kwamba mtu akisubiri maelekezo, hata maji humrudisha. Watu wachache walipiga makofi, kwa kuwa alikuwa anawatazama. Kisha akala wali, akausifu, akaondoka.

Chande alivua kofia na koti, akavikunja, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Shemeji, nisamehe."

"Umekula?"

"Bado."

Nikampakulia.

*

Ile picha iko wilayani, ukutani. Bwana Kalumbete amepandishwa cheo, sasa anashughulikia ukame. Imamu aliyekuja baadaye naye nilimwuliza, akaniambia kwamba mke wa mtu hakai eda.

Kila mwisho wa mwezi Mama Sihaba huja kuhakiki wakazi wa nyumba zake kumi. Hukaa kwenye kigoda karibu na mlango, nampa chai, ananiuliza kama Kibwana yupo. Namwambia hayupo. Anaandika kwamba yupo, anamaliza chai yake, anakwenda nyumba inayofuata.